Waya Sugu kwa Mionzi: Ukweli na Uongo Kuhusu Sumaku za Fyusheni

Huko Saint-Paul-lès-Durance, kusini mwa Ufaransa, unajengwa mtambo wa ITER, unaokusudiwa kuonyesha kwamba binadamu anaweza kuzalisha kwa wingi nishati ileile inayoliwasha jua, yaani nishati ya fyusheni. Ndani yake, gesi ya hidrojeni iliyogeuka plazma inatarajiwa kufikia joto la nyuzi milioni 150. Mita chache tu kutoka hapo, sumaku zinazoizuia plazma hiyo isiguse kuta zitakuwa kwenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Sumaku hizo zina uzito wa tani 10,000, na zimekula zaidi ya kilomita 100,000 za waya wa niobiamu na bati.

Kati ya joto hilo na baridi hiyo hupita kitu ambacho hakuna sumaku inayoweza kukizuia, nacho ni nyutroni. Kwa kuwa hazina chaji, nyutroni hutoka kwenye plazma moja kwa moja, huingia kwenye kila kilicho mbele yake na kuzing'oa atomi mahali pake. Ndiyo maana maabara za Ulaya, Marekani na Asia zinahangaika kupata waya wa supakondakta, yaani waya unaopitisha umeme bila ukinzani wowote, utakaohimili mionzi kwa miaka mingi. Kazi hiyo imezua madai mengi. Baadhi yanatia hofu bure, mengine yanatoa matumaini yasiyo na msingi. Tuyapime moja baada ya jingine.

Dai la 1: Supakondakta ikishapoa, hupitisha umeme wowote bila kikomo

UONGO. Heike Kamerlingh Onnes aligundua hali hii mwaka 1911 mjini Leiden, Uholanzi, alipoipoza zebaki hadi kelvini 4.2, yaani karibu nyuzi 269 chini ya sifuri. Tangu miaka hiyo ya mwanzo ilifahamika kwamba ina mipaka mitatu inayotegemeana: joto, uga wa sumaku na kiasi cha mkondo. Ukivuka mpaka mmoja, ukinzani hurudi mara moja.

Kila waya una mipaka yake. Niobiamu-titaniamu hupoteza sifa hiyo kwenye kelvini 9 hivi. Niobiamu-bati hufika kelvini 18, na ndiyo iliyochaguliwa kwa sumaku 18 kubwa za ITER zinazoizunguka plazma, kila moja ikiwa na kimo cha mita 17. Tepe za kauri ziitwazo REBCO, zenye bariamu, shaba, oksijeni na elementi moja ya kundi la madini adimu, hufika takriban kelvini 93. Mlango wa kauri hizi ulifunguliwa mwaka 1986 na Georg Bednorz na Alex Müller karibu na Zürich, nao wakapata Tuzo ya Nobel mwaka uliofuata.

Mionzi huisogeza mipaka hiyo mitatu. Kwa hiyo mhandisi hujiuliza mambo mawili: mipaka itakuwa imesogea kiasi gani baada ya miaka kadhaa, na sumaku imeachiwa nafasi ya kutosha ya kuvumilia?

Dai la 2: Nyutroni zinazoufikia waya ni zilezile zinazotoka kwenye plazma

NUSU KWELI. Deuteriamu na tritiamu, aina mbili nzito za hidrojeni, zinapoungana, huzaliwa nyutroni yenye nishati ya megaelektronivolti 14.1. Hukimbia zaidi ya kilomita 50,000 kwa sekunde, nayo hubeba sehemu nne kati ya tano za nishati yote iliyozalishwa. Lakini kabla haijaifikia sumaku hulazimika kupita kwenye blanketi la kuvunia joto, kisha kwenye ngao nene. Humo hugongana na atomi, hupoteza kasi, na nyingi humezwa. Zinazofika kwenye waya ni chache sana, na nyingi kati ya hizo zimekwisha kupunguzwa nguvu.

Dai hili linakaribia ukweli pale mtambo unapokuwa mdogo. Kwa kanuni ya jumla, nguvu ya fyusheni hukua kwa kipeo cha nne cha uga wa sumaku: ukiuongeza uga maradufu, ujazo uleule wa plazma unaweza kutoa nguvu mara 16. Ndiyo sababu kampuni nyingi zinataka sumaku kali ndani ya mtambo mdogo. Lakini mtambo ukipungua, nafasi ya ngao nayo hupungua, hasa upande wa ndani, kwenye nguzo ya katikati. Kila sentimita ya ngao inayotolewa humaanisha nyutroni zaidi kwenye waya na joto zaidi ndani ya baridi. Kuondoa wati 1 ya joto kwenye kelvini 4 hugharimu zaidi ya wati 200 za umeme, na umeme huo unatoka kwenye mtambo uleule unaotarajiwa kuuza umeme.

Dai la 3: Mionzi huudhoofisha waya tangu nyutroni ya kwanza

UONGO kwa nyaya muhimu kuliko zote. Jijini Vienna, Austria, kuna kinu kidogo cha utafiti cha aina ya TRIGA kinachofanya kazi tangu mwaka 1962. Kwa miongo kadhaa vipande vya supakondakta vimekuwa vikiwekwa ndani yake, vikipigwa na nyutroni, kisha vikipimwa. Kwa niobiamu-bati na kwa REBCO matokeo ya mwanzoni hufanana: katika uga mkali wa sumaku, waya uliopigwa kiasi hubeba mkondo mkubwa zaidi kuliko ulipokuwa mpya.

Sababu ni hii. Uga mkali huupenya waya kwa mifereji myembamba mno isiyoonekana. Mkondo unapopita, mifereji hiyo husukumwa pembeni, na ikianza kusogea huzalisha joto linalouondolea waya sifa yake. Kinachoishika isisogee ni kasoro ndogondogo zilizomo ndani ya fuwele. Watafiti huziona kasoro hizo kuwa vigingi. Nyutroni ya kasi ikigonga, huacha kifungu cha atomi zilizovurugika chenye upana wa nanomita chache, na kila kifungu ni kigingi kipya.

Hata hivyo, haba na haba hujaza kibaba. Kila pigo huvuruga pia mpangilio wa atomi ambao ndio chimbuko la hali yenyewe. Ndani ya niobiamu-bati, atomi za aina mbili hubadilishana nafasi. Ndani ya REBCO, atomi za oksijeni huhama mahali pake. Joto la kikomo hushuka taratibu. Kwa tepe za REBCO, faida hufika kileleni pale kila mita ya mraba inapokuwa imepitiwa na nyutroni za kasi ambazo idadi yake huandikwa kwa tarakimu 1 na sufuri 22 au zaidi kidogo. Kuanzia hapo uwezo wa waya huporomoka. Kwa maneno mengine, mionzi huuzeesha waya, na uzee huo hupimika.

Dai la 4: Basi tuweke vigingi vingi tangu kiwandani, waya utakuwa sugu zaidi

UONGO. Watengenezaji wa REBCO tayari hupandikiza vigingi vya makusudi, kwa mfano vijiti vidogo mno vya bariamu zirkonati, ili utepe ubebe mkondo mkubwa ukiwa mpya. Vipimo vya Vienna vimeonyesha kwamba tepe za namna hiyo hufika kileleni mapema na huanza kushuka mapema kuliko zile zisizo na vigingi vya kupandikizwa. Nafasi ya kasoro ndani ya fuwele ina kikomo, na utepe ulioanza na nyingi hubakiwa na nafasi ndogo ya kupokea zile zinazoletwa na nyutroni. Utepe unaong'ara kwenye karatasi ya mauzo unaweza kuwa ndio unaochoka mapema zaidi.

Dai la 5: Mionzi ikiwashwa tu, waya hupoteza karibu theluthi ya uwezo wake papo hapo

UONGO, ingawa hofu hii ilianzia kwenye kipimo halisi. Majaribio mengi ya zamani yalipima waya baada ya kupigwa na mionzi, mionzi ikiwa imezimwa. Katika chuo cha MIT, Marekani, watafiti walitengeneza kifaa cha kupima wakati uleule: utepe wa REBCO umepozwa hadi karibu kelvini 20, mkondo unapita ndani yake, na mwali wa protoni unaupiga. Mwali ulipowashwa, uwezo wa kubeba mkondo ulishuka kwa takriban asilimia 30. Ulipozimwa, uwezo ulirudi.

Fikiria maana yake kwa mhandisi. Kama hali hiyo ingekuwa ndiyo tabia ya waya chini ya mionzi, kila sumaku iliyobuniwa kwa kutegemea vipimo vya baada ya mionzi ingekuwa imekosewa hesabu. Ingeshindwa kazi siku ambayo mtambo ungewashwa kwa nguvu kamili.

Watafiti hao hawakuridhika kutangaza hofu. Walirudi kwenye maabara na kufuatilia joto la utepe kwa umakini mkubwa zaidi. Mwaka 2025 waliripoti kwamba upungufu wote unaelezeka kwa jambo moja: mwali wa protoni uliupasha utepe joto, na utepe wenye joto zaidi hubeba mkondo mdogo zaidi. Kuwepo kwa mionzi kwenyewe hakukuongeza madhara ya papo hapo. Ndani ya mtambo wenye ngao, joto linaloachwa na nyutroni kwenye kila kipande cha utepe ni dogo mno likilinganishwa na la mwali ule.

Hofu moja imeondoka, na hilo ni jambo la kushukuru. Ile ya uzee wa miaka mingi imebaki palepale.

Dai la 6: Sehemu dhaifu kuliko zote ni supakondakta yenyewe

MARA NYINGI UONGO. Ukiukata utepe wa REBCO na kuutazama kwa hadubini, utashangaa jinsi supakondakta ilivyo kidogo ndani yake. Utepe wote una unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Chini kuna ukanda imara wa aloi ya nikeli. Juu yake kuna tabaka jembamba la kauri lenye unene wa mikromita 1 hadi 3, na hilo tu ndilo supakondakta. Kisha huja fedha, na mwisho shaba inayofunika pande zote. Waya wa niobiamu-bati nao una upana usiofika milimita 1, lakini ndani yake kuna maelfu ya vinyuzi vya mikromita chache vilivyozamishwa ndani ya shaba. Ni mchanganyiko unaovunjika kwa urahisi. Kwa hiyo waya hukunjwa kwanza kuwa koili, kisha huokwa kwenye nyuzi joto 650 hivi kwa siku kadhaa ili supakondakta ijengeke ikiwa tayari mahali pake.

Shaba ile ipo kwa ajili ya usalama. Supakondakta ikipoteza sifa yake ghafla, mkondo wote hukimbilia kwenye shaba. Nyutroni huongeza ukinzani wa shaba baridi, kwa hiyo njia hiyo ya dharura hudhoofika mwaka hadi mwaka. Bahati nzuri ni kwamba shaba ina namna ya kupona: mtambo ukizimwa na koili zikaachwa zipande hadi joto la kawaida, atomi nyingi zilizong'olewa hurudi mahali pake na sehemu kubwa ya ubora wa shaba hurejea. Kuipasha sumaku joto ni tiba, na wabunifu huipangia ratiba.

Resini inayotumika kuhami umeme kati ya mzunguko mmoja na mwingine wa koili haina bahati hiyo. Mionzi hukata molekuli zake ndefu, gesi hutoka ndani yake, na kihami huvimba na kupasuka. Uharibifu huo haurudi nyuma. Epoksi za kawaida hazikutosha kwa ITER. Baada ya miaka ya majaribio, mengi yakifanyika kwenye kinu kilekile cha Vienna, ulichaguliwa mchanganyiko wa epoksi na sianeti esta unaoweza kuvumilia kiwango cha megagrei 10, yaani grei milioni 10. Ili kuelewa ukubwa wa kiwango hicho, grei 5 tu zikiupiga mwili mzima kwa mara moja zinaweza kumuua mtu.

Wengine wameamua kuiondoa resini kabisa. Tarehe 5 Septemba 2021, MIT na kampuni ya Commonwealth Fusion Systems walijaribu sumaku ya REBCO iliyofikia uga wa tesla 20 kwenye kelvini 20. Ndani yake kulikuwa na zaidi ya kilomita 250 za utepe, na hakukuwa na kihami kati ya mzunguko na mzunguko. Hatari ya resini kuharibiwa na mionzi huondoka pale ambapo resini haipo.

Dai la 7: REBCO ni REBCO, kubadilisha elementi moja hakuna madhara

UONGO. Viwanda vingi hutumia gadoliniamu badala ya itriamu kwa sababu hurahisisha utengenezaji. Mtu anayejenga sumaku ya hospitali hana sababu ya kujali. Mjenzi wa mtambo wa fyusheni lazima ajali, kwa kuwa hakuna isotopu tulivu inayomeza nyutroni za polepole kuliko gadoliniamu-157. Ikimeza, atomi hutoa mionzi ya gama, na mtikiso wake huacha kasoro ndani ya fuwele. Utepe wa gadoliniamu unaweza kuharibika haraka kwa sababu ya nyutroni dhaifu ambazo zingeupita ule wa itriamu bila madhara.

Jambo kama hilo lipo kwenye magnesi diboridi, supakondakta iliyotangazwa na kundi la Jun Akimitsu nchini Japani mwaka 2001, yenye joto la kikomo la kelvini 39. Takriban asilimia 20 ya boroni ya asili ni boroni-10, ambayo humeza nyutroni na kupasuka kuwa heliamu na lithiamu, ikiivuruga fuwele kutoka ndani. Tiba yake inajulikana: kutengeneza waya kwa boroni-11 pekee. Uchaguzi wa elementi, na hata wa isotopu, unaweza kuamua umri wa sumaku.

Dai la 8: Fyusheni haiachi taka, waya ukichakaa unatupwa tu

UONGO. Fyusheni haizalishi taka nzito kama zile za vinu vya urani, na hiyo ni faida ya kweli. Lakini nyutroni hugeuza baadhi ya atomi za mtambo kuwa na mionzi. Niobiamu ikimeza nyutroni huwa niobiamu-94, ambayo huchukua takriban miaka 20,000 mionzi yake kupungua kwa nusu. Fedha iliyo ndani ya REBCO nayo huzaa isotopu ambayo nusu yake hubaki baada ya zaidi ya miaka 400. Kwa sababu hiyo watafiti wa Japani wamerudi kuchunguza waya wa vanadiamu na galiamu, ambao mionzi yake hufifia mapema zaidi. Anayesema waya ni "sugu" aeleze pia utazikwa wapi.

Dai la 9: Waya uliofaulu kwenye kinu cha utafiti umefaulu

NUSU KWELI. Vinu vya utafiti ndivyo vilivyotupa karibu yote tunayoyajua, na vinastahili heshima. Lakini nyutroni zinazotokana na kupasuka kwa urani zina nishati ndogo kuliko zile za fyusheni. Pia vipande vingi hupigwa vikiwa na joto la kawaida au zaidi, wakati ndani ya mtambo vitakuwa kwenye kelvini 4 au 20. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu atomi iliyong'olewa kwenye joto la kawaida inaweza kutembea na kurudi mahali pake, lakini kwenye baridi kali hukwama. Kinachopimwa kwenye joto kinaweza kuwa jeraha lililokwisha kupona nusu.

Vyanzo vya nyutroni za nishati ya fyusheni vimekuwa haba. RTNS-II, kilichokuwa Livermore, California, kilifungwa mwaka 1987. Sasa Ulaya inajenga IFMIF-DONES huko Escúzar, karibu na Granada, Hispania, ambako mwali wa deutoni, yaani viini vya deuteriamu, utapiga lithiamu ya kimiminika ili kupata nyutroni kali za kupimia vifaa vya mitambo ijayo.

Dai la 10: Hayo ni ya wenzetu, Afrika Mashariki haina lake humo

NUSU KWELI. Hatuna mtambo wa fyusheni. Lakini niobiamu ipo Panda Hill karibu na Mbeya, ipo Mrima Hill katika Kaunti ya Kwale, na imewahi kuchimbwa Lueshe, Kivu Kaskazini. Gesi ya heliamu, inayozipoza sumaku hizi, ilitangazwa mwaka 2016 kuwa ipo kwa wingi katika bonde la Rukwa. Hata hivyo tusijidanganye. Niobiamu nyingi duniani hutoka Brazili na huishia kwenye chuma cha pua na chuma imara, wala si kwenye sumaku. Madini peke yake hayatengenezi waya. Wanaotengeneza waya ni wanafizikia na wahandisi, na hao wanaweza kusomeshwa hapa.

Hukumu

Waya usioguswa na mionzi haupo, na fizikia haitoi dalili kwamba utakuwepo. Upo waya unaozeeka polepole, ndani ya sumaku iliyobuniwa kwa kuujua uzee huo: ngao ya kutosha, elementi zilizochaguliwa vizuri, kihami kinachovumilia au kisichokuwepo kabisa, na ratiba ya kuipasha shaba joto ipone. Kwa hiyo, msomaji, ukisikia waya mpya umetangazwa kuwa "sugu kwa mionzi," uliza maswali matatu: ulipigwa na nyutroni za aina gani, ulikuwa kwenye baridi ya kiasi gani, na je, ulikuwa umebeba mkondo ndani ya uga wa sumaku wakati unapigwa? Tangazo lisilojibu yote matatu bado ni ahadi, na ahadi haipaswi kupokelewa kama ushahidi.